Walivyonisafishia Ilimba

Ilimba yangu ilirudi nyumbani Ipagala siku ya Alhamisi asubuhi, imefungwa kwenye kitenge kipya, inanuka vanishi. Mwalimu wa kwaya aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Akaniamkia shikamoo, akaketi, akafungua kitenge taratibu, akanitazama usoni akisubiri nifurahi.

"Tumekusafishia, Bibi," akasema. "Ilikuwa na uchafu! Utando wa buibui, fikiria. Na nta imegandamana huku chini ya vyuma, nimeikwangua yote. Sauti nayo nimeiweka sawa na kinanda."

Binti yangu, ambaye ndiye ninayeishi kwake, akapiga makofi. "Mama, mbona imependeza! Utadhani ya dukani."

Nikaiweka mapajani. Nikabonyeza chuma cha katikati kwa dole gumba. Ikatoka sauti kama ya mtu anayejibu simu ofisini. Safi, fupi, haina mtu ndani.

Nilitaka kulia nikashindwa, nikataka kutukana nikashindwa vilevile, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa ameifanya kazi ile siku tatu nzima kwa moyo wake wote. Unafanyaje na mtu aliyekuharibia kwa heshima? Nikamwambia, "Asante, mwanangu. Kunywa chai." Akanywa vikombe viwili. Akaaga akisema Jumamosi saa nne tunarekodi, nisisahau dawa yangu ya presha.

Niseme kwanza ilimba ni nini, maana hata wajukuu zangu huiita "lile sanduku". Ni sanduku la mti lililochimbwa ndani. Juu yake kuna vyuma vilivyopangwa, unavipiga kwa madole gumba. Chini ya kila chuma hubandikwa nta ya nyuki. Ukiongeza nta sauti inashuka, ukipunguza inapanda, ndivyo inavyotengenezwa. Halafu ubaoni kuna tundu, na tundu hilo huzibwa na utando, ule mweupe mwembamba ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ukipiga chuma, utando unatetemeka, sauti inapata mkwaruzo, inavuma, kama vile kuna mzee chumba cha pili anakuitikia. Bila utando ilimba ni bati. Kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa ameondoa vitu viwili tu, utando na nta. Ni kama umwogeshe mtu ukaondoka na ulimi wake.

Ilimba ile ilikuwa ya baba yangu. Kwetu sisi Wagogo wanawake ni watu wa muheme, ngoma inayobanwa mapajani, na hapo hakuna mwanamume wa kutufikia. Ilimba ilikuwa ya wanaume. Baba hakunifundisha, ndivyo alivyosema mpaka mwisho wake. Alinituma tu. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kutafuta utando ndani ya tembe yetu, kwenye kona za giza nyuma ya vilindo vya kuhifadhia mtama, nikiubandua kwa mwiba ili usichanike. Nikiuleta, ananiambia nishike nta. Nikishika nta, anasogea mpaka mlangoni: "Gusa hicho nikisikie nikiwa mbali. Sasa gusa na kile." Mama akilalamika kwamba mtoto wa kike anaharibiwa, baba anamjibu, "Kugusa si kupiga." Basi niligusa miaka na miaka.

Kila chuma alikipa jina, na majina yote ninayo. Nitakitaja kimoja kwa sababu ndicho kilichonitesa. Sauti yake haikai pale ambapo mtu anaitegemea. Ukiisubiri juu, iko chini kidogo, ukiifuata chini, umeipita. Baba alikiita mkwe. "Mkwe mnaishi naye," alisema, "lakini humsogelei, naye hakusogelei. Mkikutana njiani kila mmoja anapita upande wake. Ukimvuta karibu umevunja nyumba." Na kwetu ndivyo ilivyo. Mama yangu hakuwahi kukaa chumba kimoja na mume wangu mpaka anazikwa.

Muziki nimeufanya maisha yangu yote na shule yangu ni darasa la nne. Kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, nilijifunza nikiwa mfagiaji. Nikimaliza kufagia nakaa, natafuta kwa vidole nyimbo nilizozisikia Jumapili. Mchungaji wa wakati ule alinifumania, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akasema, "Kuanzia leo ufagio apewe mwingine." Nikapiga kinanda kile miaka mingi. Nikatunga nyimbo za kwaya, za Pasaka, za mazishi, za kupokea maaskofu. Wakati huohuo nilikuwa napiga muheme kwenye harusi, na kwenye sherehe za watoto wanaotoka jandoni, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Mzee mmoja wa kanisa aliniona, akanishtaki, nikatengwa. Nikakaa benchi la nyuma msimu mzima, bila kushiriki meza ya Bwana, nasikiliza mtu mwingine akikikanyaga kinanda changu kama anayekanyaga udongo wa matofali. Nikatubu. Sikujua natubu nini, lakini nilitubu.

Miaka ikapita, kanisa lilelile likatangaza siku ya utamaduni. Wakaja nyumbani kunifuata, yule mzee akiwa mbele yao. "Mama, lete na ile ngoma." Nikamwuliza, "Ile ya dhambi?" Akacheka. Mimi sikucheka, ila nilikwenda, kwa sababu ngoma ikiitwa sijui kukataa.

Na kwenye harusi za siku hizi za ukumbini ni hivyohivyo. Mshereheshaji ananitangaza, "Sasa kidogo utamaduni wetu!" Ananipa dakika tano, na kabla sijakolea ameshafungulia spika. Wageni wenye kamera wanataka ilimba tu, tena nivae kaniki na shanga, nivue miwani. Hakuna aliyewahi kuniita nikaenda mzima. Kila mlango niliobisha waliniambia niingie, ila kitu fulani nikiache nje.

Isipokuwa wimbo mmoja. Huo niliuingiza mzima, na ndio uliokuwa urekodiwe Jumamosi.

Niliutungia Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, msimu wa kuvuna. Tulikuwa wanawake tisa kwenye mstari mmoja, mimi wa tatu kutoka mwisho. Majina ya wale wanane ninayo, na jina la baba wa kila mmoja, na nani alikuwa na kikapu chenye mshikio mbovu. Hapa siandiki jina la mtu, kwa kuwa nusu yao wako kaburini na watoto wao sijawaomba ruhusa. Mikono inanata, nyuki wanatuzunguka, mimi nikaanzisha: *Mlango u wazi, ingia na vumbi lako.* Wenzangu wakaitikia. Neno la kwanza kabisa la wimbo ule linaanzia kwa mkwe. Tuliuimba mpaka msimamizi akasahau kutugombeza. Baadaye tukauimba kumpokea bibi harusi, na baadaye tena nikauingiza kanisani, watu wakadhani niliutunga kwa ajili ya mwana mpotevu. Niliwaacha wadhani. Ni wimbo uleule, neno kwa neno. Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijafa: usikike mara moja vile ulivyo, ubaki mahali.

Kwa hiyo Alhamisi ileile, mwalimu alipoondoka, nilifunga ilimba kwenye kitenge chake kipya nikaenda Chang'ombe.

Huko ana duka mwenzangu wa Kondoa, muuza asali. Tumejuana tangu kila mmoja ana meno yote. Yeye ni Mwislamu safi, kanisani kwetu hajawahi kukanyaga, lakini miaka ile nilipokuwa nikiishi jirani yake, kibaraza chake ndipo nilipofanyia mazoezi. Aliposikia vanishi tu akaziba pua.

"Hii ni ilimba au jeneza?"

"Wamenisafishia."

Akabonyeza chuma kimoja, akakiachia haraka kama kimemuunguza. "Wallahi, wameua. Na wewe uliwashukuru?"

"Niliwapa chai."

"Ninyi Wagogo! Mlenda umewaingia mpaka kwenye ulimi, kila neno linateleza tu. Mtu akuibie mbuzi utamwuliza kama amepata na kamba."

Nta alikuwa nayo, ametoa kwenye mizinga ya kwao mwezi huohuo. Utando ndio ulikuwa kazi. Kwa binti yangu nyumba imepigwa rangi na kila Jumamosi wanapuliza dawa, hata mjusi hana amani. Chumba cha nyuma cha mwenzangu, anakoweka ndoo za asali, hakijaona ufagio tangu mumewe afariki, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa uvivu wake. Tulipanda stuli kwa zamu, vikongwe wawili, mmoja anapanda mwingine anashika miguu. Mteja akaingia dukani akaita, "Hodi! Kuna mtu?" Mwenzangu akajibu akiwa juu, "Subiri, tunamtafuta buibui!" Yule mteja hakusubiri. Tukacheka hadi nikaogopa kumwangusha.

Tukaupata, mweupe, duara, mzuri kama sarafu ya zamani. Nikaubandua kwa sindano yake ya kushonea, nikauzungushia nta pembeni, nikaziba tundu. Nikabonyeza. Yule mzee wa chumba cha pili akaitikia.

Halafu nikaanza kubandika nta, chuma kwa chuma, natia natoa, mpaka saa ya chakula ikapita. Vyuma vyote vilikubali, mkwe akakataa.

Nisiseme uongo, aliyekataa nilikuwa mimi. Nilipoongeza nta niliona amezidi kushuka, nilipopunguza niliona amezidi kupanda. Nikafumba macho nimtafute baba mlangoni, nikasikia kinanda. Miaka yote ile nimekikanyaga kinanda, kumbe nacho kilikuwa kinanikanyaga. Ilimba hii hakuna mwingine anayeijua kwa sikio. Kama nimempoteza mkwe, basi amepotea, na hata wa kumwuliza hayupo.

Mwenzangu alikuwa anamimina asali kwenye chupa, amenipa mgongo.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Shusha. Hapo unaita mbuzi."

Nikaongeza nta kiasi cha punje ya mtama. Nikabonyeza.

"Bado. Sasa umemzika. Mpandishe kidogo. Kidogo, nimesema, we mwanamke! Hapo. Rudia." Nikarudia. Akageuka, chupa imefurika, asali inamshuka mkononi mpaka kwenye kiwiko, akawa hajali. "Hapohapo. Hapo ndipo chupa ilikuwa inanifurika kila siku, nikikusikiliza. Umenitia hasara miaka yote ile, nisipajue?"

Mwislamu wa Kondoa, hajui Kigogo zaidi ya mbukwa ya kusalimia, ndiye aliyenirudishia sauti ya baba yangu. Nilimshika mkono ule wenye asali tukaganda hivyo kidogo, tena tulikuwa tumeganda kweli.

Jumamosi nikaenda studio na moyo mweupe. Studio yenyewe ni chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na joto lake nyamaza tu. Kwaya ilikuwa imejipanga na sare mpya. Mwalimu aliposikia ilimba inavuma, uso ukamshuka.

"Bibi, imeharibika tena?"

"Imepona."

Akatoa simu yake, akaiweka karibu na chuma. Kwenye simu kuna mshale, ukikaa katikati unageuka kijani. Akanionyesha kwa upole kabisa. "Ona, Bibi, piga hiki." Nikapiga mkwe. Mshale ukaenda pembeni, mwekundu. "Noti hii si *ti*, na si *ta*. Haipo."

"Ipo. Umeisikia."

"Nimeisikia, lakini haipo."

Nikamwambia, "Mwalimu, zima kinanda, niimbe nao mimi." Ni mtu mwenye adabu, akazima. Nikaanzisha. Wale wanakwaya ni watoto wazuri na sauti wanazo, lakini walikuwa wameufanyia wimbo mazoezi mwezi mzima kwa kinanda. Kila tulipomfikia mkwe wao walikwenda kwao nami nikaenda kwangu, ikatoka kelele kama milango miwili inayofungwa pamoja. Msichana mmoja wa sauti ya pili akaangua kicheko, akaziba mdomo. Nikamwambia, "Cheka tu, mjukuu wangu. Mmemlaza mkwe kitandani, nani asicheke?" Wakacheka wote, wakidhani ni utani.

Tukajaribu mara tatu. Mara ya tatu watu wawili wa besi walimpata, nikawaona wakitazamana kwa mshangao, halafu wakamwachia. Mwalimu akanivuta pembeni.

"Bibi, watu wakisikia hivi watadhani tumekosea."

"Watu gani?"

"Watu, Bibi. Wasikilizaji."

"Mimi si mtu?"

Akajikuna kichwa. Akasema basi, tutafanya kitu kizuri, mimi nikae katikati na ilimba yangu nipige kama ninavyojua, kwaya itaimba, wapiga picha watachukua. Nikakubali. Nikapiga wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kupiga vile tangu Makutupora. Vidole havikuuma. Nilipomaliza nikainama kuokota kitenge, nikaona waya wa maiki iliyokuwa mbele yangu. Ulikuwa umeviringishwa vizuri sakafuni. Haukuchomekwa popote.

Nikauinua nikamwonyesha mwalimu. Akatazama kinanda. Fundi wa mitambo ndiye aliyesema, kutoka nyuma ya kioo, "Mama, wewe pozi tu, sauti tutaweka."

Kuna hasira ya kupiga kelele, na kuna hasira ya kukaa kimya ukafunga kitenge. Nikafunga kitenge.

Mwalimu alinifuata mlangoni na daftari, macho hayaniangalii. "Bibi, kwenye video tunaandika mtunzi. Nataka tuandike jina lako kamili, kubwa, la kwanza kabisa." Nikajua ananiomba msamaha kwa njia hiyo.

Nikamwambia, "Andika." Nikamtajia wale wanawake wanane wa mstari wa zabibu, jina la kila mmoja na la baba yake, kwa mpangilio tuliosimama, nikimngoja amalize herufi. Ukurasa ukajaa, akageuza wa pili. Alipomaliza akangoja, kalamu juu.

"Na lako?"

"Wale wanane waliuitikia wimbo wa zabibu, wana haki ya kutajwa. Huu mlioimba leo sijautunga mimi."

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu, mwanangu. Umeniambia mwenyewe haipo."

Video imetoka. Nasikia inapendwa. Binti yangu anaipiga kwenye simu akikaanga vitunguu, jirani anaipiga, Jumapili inapigwa kanisani kabla ya ibada. Naonekana mimi katikati, madole yanakwenda, na kinachosikika ni kinanda. Watu wananipongeza sokoni. Nasema asante. Mlenda.

Kinachonikera zaidi hakiko kwenye video. Ni kwamba naisikia mno. Juzi nilikaa na ilimba, nikaanzisha wimbo wangu mwenyewe, na dole likataka kwenda kwao wanakwaya. Nilishtuka nikaiweka chini.

Kwa hiyo sasa kila Alhamisi naipeleka Chang'ombe. Mwenzangu ananiwekea kigoda kibarazani, anafungua ndoo, anachukua chupa, ananipa mgongo. Nampigia mkwe. Ananiambia shusha, ananiambia pandisha, ananitukana kidogo. Lakini naye sikio la kushoto limeanza kumfunga, siku hizi mteja akiongea upande huo hageuki. Alhamisi iliyopita aliniambia shusha, nikashusha. Akaniambia bado, nikashusha tena. Mimi nilikuwa nasikia tumeshampita. Nilisita na nta mkononi, sijui nimwamini nani, sikio lake au langu.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Nakusubiri. Umegeukia upande upi?"

Akageuza kichwa, akaniwekea sikio la kulia, lile zima. "Haya. Piga tena, na usiniharakishe."

Nikapiga. Chupa ilikuwa bado haijajaa.